Jibu Nililompa Dada Milembe

Juzi hospitalini Bariadi nilimsikia binti akimwambia nesi kwamba anasikia sauti, na nesi akamvutia kiti. Nikamkumbuka dada Milembe, aliyekuwa kidato cha pili, alasiri ile tulipokaa juu ya lundo la pamba chumbani, harufu ya dawa ya wadudu imetujaa puani, nje malori ya wanunuzi binafsi yakipiga honi.

“Kuna mtu ananiita, simwoni,” alininong'oneza. “Nikimwambia baba ataleta mganga. Mama atanipeleka kuombewa mbele ya watu wote. Nimwambie nani?”

Nilikuwa na miaka saba. Nilijua tu alichotufundisha bibi kuhusu kuitwa na usiyemwona.

“Usiitikie,” nikamwambia.

Alinishukuru. Tangu siku ile hakumwitikia mtu yeyote, hata mama, aliyemwita huku akilia.