Mama Mkwe Kifuani

Fundi makochi alikuwa na utaratibu wake: kochi halitoki karakana mpaka alilalie. Si kulikalia. Kulikalia, alisema, hata mteja anaweza. Yeye baada ya chakula cha mchana alivua viatu, akajinyoosha chali, mikono tumboni kama maiti mstaarabu, na kusubiri. Springi iliyofungwa ovyo hujificha kwanza, kisha humchoma mtu kiunoni akishapitiwa na usingizi. Kwa hiyo usingizi wake ulikuwa sehemu ya kazi, na seremala aliyekuwa akimtengenezea fremu alishazoea kuwajibu wateja kwenye simu: "Fundi yupo, ila yuko kwenye majaribio."

Ni katika majaribio hayo jinamizi lilipomwanza. Alizinduka, macho yakafunguka, mwili ukagoma. Aliona mabati ya paa na utando wa buibui. Alimsikia seremala akipiga randa na mluzi kwa pamoja. Alitaka kuita, mdomo ukawa kama wa jirani. Halafu kitu kikapanda kochini, kikamkalia kifuani. Hakikuwa na uso. Kilikuwa uzito mtupu, kama robota la vitambaa vilivyolowa. Kilipomwachia alijikuta ameketi, shati limemganda mgongoni.

"Umeniona?" alimuuliza seremala.

"Nimekuona. Umekodoa macho kama samaki wa kwenye barafu."

"Mbona hukuniamsha?"

"Nikuamshe wakati uko kazini?"

Msimu huo walikuwa na oda ya hoteli nzima: makochi ya mapokezi, viti vya baa, na kitu kirefu kisicho na jina ambacho meneja alikichora kwa kidole hewani. Fundi alikuwa akirudi nyumbani kunakucha, analala kidogo, anarudi kazini. Jinamizi nalo likamfuata nyumbani, na huko likapata uso. Lilikuwa na uso wa mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa akiishi na fundi, mke wake na mtoto wao tangu alipopasuliwa goti. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mama mwenye mwili wa kutosha na sauti iliyozoea kushindana na masufuria. Fundi alimheshimu ipasavyo. Alimwamkia kwa kuinamisha kichwa, hakupita mbele yake, na mama akiwa sebuleni, yeye alijikumbusha kuwa ana shughuli uani. Sasa utaanzaje kumwambia mtu unayemwamkia hivyo kwamba alfajiri alikuwa amekukalia?

Alimwambia seremala peke yake, tena nusu nusu.

"Ni jini mahaba," seremala alisema papo hapo.

"Hana sura ya mahaba."

"Wako wa aina nyingi."

Alichofanya fundi ni kuacha kulala. Alikaa mbele ya televisheni mpaka ikaisha miziki, ikaisha mieleka, wakabaki watu wanaouza visu vya jikoni. Kazini alianza kupiga pini mahali pasipo na mbao. Mke wake, ambaye alikuwa mpiga pasi katika chumba cha nguo cha hoteli nyingine na hakupenda kitu kilichokunjamana, alimvumilia kwa muda, kisha akamshika mkono akampeleka zahanati kama mtoto wa chanjo.

Daktari alikuwa mpole na mwenye kalamu nyingi. Alimuuliza analala saa ngapi, analala vipi, anajisikiaje akishindwa kujitikisa. Halafu akauliza, "Na huwa unaona mtu?"

"Ndiyo."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke."

Mke aligeuza shingo taratibu.

"Unayemfahamu?"

Hapo mwanamume yeyote mwenye akili timamu angekohoa. Lakini fundi makochi ni mtu wa vipimo. Ukimuuliza urefu anakupa urefu, hawezi kukupa upana.

"Mama mkwe," alisema.

"Anafanya nini?"

"Anakaa."

Daktari aliandika. Kisha akaeleza, na alieleza vizuri: kwamba ubongo umetangulia kuamka na mwili bado umefungwa na usingizi, kwamba macho yanaona chumba cha kweli huku ndoto haijaisha, basi vinachanganyika, kwamba jinamizi haliui mtu. Alale kwa saa za kueleweka, alale ubavu, aache kujilaza chali mchana. Likimjia asipigane nalo kwa mwili mzima, avute pumzi polepole na ajaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu. Fundi alisikia kila neno. Mke alikuwa amebaki kwenye maneno mawili.

Mke alisubiri mpaka walipofika mlangoni.

"Kwa hiyo mama yangu ni jinamizi."

"Sijasema ni jinamizi. Nimesema wanafanana."

"Ahaa. Hapo umemheshimu."

Jioni hiyo mke alichukua mto wake akahamia chumbani kwa mama yake. Aliapa kwamba hatamweleza sababu, na alikitimiza kiapo mpaka mama alipomuuliza. Asubuhi mama mkwe alimpigia simu mwanawe wa kiume: Jumamosi aje amchukue, akaishi kwake. Begi likafungwa likawekwa karibu na mlango, mahali ambapo fundi lazima alivuke akienda kazini.

"Nisikilize," mke alimwambia, akikunja taulo kama anayelinyonga. "Mama akitoka na begi lile, na mimi nabeba langu. Na mtoto anakuja na sisi."

Hakupaza sauti. Fundi angefurahi kama angepaza.

Alijitetea kwa njia anayoijua. Alichukua fulana kuukuu, akaishonea mgongoni vifungo vya kochi, vile vikubwa vilivyovikwa kitambaa, ili akigeuka chali usingizini vimwamshe. Vilimwamsha. Alilala ubavu kama kitabu kilichoegeshwa rafuni, na jinamizi halikuja. Lakini mto wa pili kitandani haukurudi, na begi lilikuwa pale pale. Seremala alipoiona fulana aliizunguka kwa heshima.

"Sasa ukikaa mapokezi hotelini mteja atakukalia," alisema. "Umeongea na mama mwenyewe?"

"Nitamwambia nini?"

"Mimi najuaje? Yangu mimi ni mbao."

Jumamosi ikafika. Mama mkwe alikaa sebuleni tangu asubuhi, amevaa viatu vya safari, mkongojo kando. Mwanawe alikuwa amechelewa. Alipiga simu kusema gari limesumbua, baadaye kusema limepona, baadaye tena kusema limerudiwa na ugonjwa. Fundi alipita akielekea uani.

"Wewe," mama mkwe aliita. "Njoo ukae."

Akakaa pembeni kabisa ya kochi, robo ya mwili ikiwa hewani.

"Nasikia nakukalia."

"Mama, naomba unisamehe, mimi sikuwa na nia—"

"Msamaha sijauuliza. Nauliza nakaaje."

Swali likiwa la kazi, ulimi wa fundi hulegea. "Hapa juu ya kifua, mama. Umenyooka. Mikono magotini."

"Naongea?"

"Huongei."

"Hata neno?"

"Hata neno."

"Huyo si mimi."

Jikoni, ambako mke alikuwa akisikiliza kwa nguvu zake zote, kifuniko kilianguka.

"Na kule karakana nakuja?"

"Kule kinakuja kitu hakina uso."

"Sawa. Kule sina kazi." Alifikiri. "Nimevaa nini?"

"Gauni la zambarau. Lenye lesi shingoni."

Mama mkwe aligeukia jikoni. "Gauni hilo halipo duniani. Nililivaa siku moja tu, ya harusi yenu, na huyo hapo akaliunguza kwa pasi siku ya pili yake. Leo watu wanamlipa apige pasi. Wewe mkwe wangu umelionea wapi?"

Fundi aligeuza macho upande wa ndani. Mlango wa chumba chao cha kulala ulikuwa wazi, lakini mama mkwe hakuwahi kupita hata kizingiti. Chumba cha mkwe ni chumba cha mkwe. Hakuwa amejua kilichomo.

"Kwenye picha ya harusi, mama," fundi alisema.

"Ile kubwa? Mmeiweka wapi?"

Fundi alitazama jikoni.

"Nauliza mmeniweka wapi."

"Ukutani," mke alisema kutoka jikoni, kwa sauti ya utotoni. "Mbele ya kitanda."

Mpiga picha wa siku ile alikuwa amemkalisha mama mkwe kwenye kiti katikati, amenyooka, mikono magotini, na bwana na bibi harusi wamesimama nyuma yake kama walinzi wa benki. Wakaikuza picha mpaka ikatosha ukuta. Fundi akilala chali, kitu cha kwanza macho yake kukutana nacho yakifunguka kilikuwa hicho.

"Yaani muda wote huu," mama mkwe alisema polepole, "mnalala nikiwa nawatazama."

"Mama, tulisema ni heshima," mke alianza.

"Heshima gani hiyo? Nitoeni humo ndani. Sasa hivi."

Fundi alipanda kwenye stuli na bisibisi. Mke alishika picha kwa chini. Walikuwa hawajagusa kitu kimoja kwa pamoja tangu siku ya zahanati, na fremu ilikuwa nzito, ikabidi waambiane: inua, subiri, kushoto, si kushoto kwako. Walipomaliza mke aliutazama mgongo wa mumewe, akabonyeza kifungo kimoja cha fulana kwa kidole.

"Hivi hivi unalala na vifungo?"

"Ndiyo."

"Mbona uzi umeuacha unaning'inia," alisema, akaukata kwa meno.

Kaka mtu alifika wakati picha ikipigwa misumari sebuleni. Alikuja na uso wa mtu anayekwenda kulipa faini. Alipoambiwa safari haipo alisikitika kwa nidhamu kubwa, akanywa chai, akaondoka haraka kabla uamuzi haujabadilika. Gari halikusumbua hata kidogo.

Mto ulirudi kitandani bila hotuba. Jinamizi halikuhama. Fundi akikesha kwenye oda ya watu, linarudi, lakini limerudi kuwa uzito mtupu, na mke wake, akisikia pumzi imekwama, hunyoosha mkono akamvuta kidole cha mguu kama anayezima mashine. Majaribio ya mchana amemwachia seremala, ambaye hulala kwenye kochi kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana kwenye mbao zake.

Asubuhi moja, wakinywa chai, mama mkwe alimwona fundi ana macho mekundu.

"Jana nilikuja?"

"Hukuja, mama. Kilikuja kile kisicho na uso."

"Kikakaa?"

"Kidogo tu. Nilianza na kidole, kikaondoka."

"Hakijui kukaa," alisema mama mkwe, akamsogezea mkate.