Kambale Aliyemaliza Ndoano Dukani

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa pale Same, karibu na stendi, nikaomba ndoano moja. Moja tu. Muuzaji akaitazama sare yangu ya shule, akanitazama usoni, akasema zimekwisha. Mishipi imekwisha, nyavu zimekwisha, hata vile virisasi vya kuzamishia mshipi havipo. Uvuvi umefunguliwa huko chini, watu wa ziwani wamepita kama nzige, na mzigo mwingine haujulikani utafika lini. Duka la pili, jibu lile lile. La tatu mwenye duka alikuwa anakula, akatikisa kichwa kabla sijamaliza shikamoo.

Ndoano yenyewe haikuwa ya kuvulia. Bibi ndiye aliyeiagiza. Kwa miaka saba chujio lake la chai limening'inia kwenye ndoano aliyoichomeka ukutani jikoni, na sasa imeliwa na kutu, imekatika. Nilimwambia kwenye simu kwamba msumari unatosha. Akasema hajaagiza msumari.

Nikasimama nje ya lile duka la tatu nikacheka peke yangu, mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa. Ila mara ya kwanza katika maisha yangu kusikia maneno "ndoano zimekwisha", zilikuwa zimekwisha kwa sababu yangu.

Najua unachotaka kusema. Mtu wa kidato cha tatu ana zamani gani ya kusimulia? Zamani yake ni juzi. Kweli kabisa, lakini na juzi nayo hairudi, kwa hiyo nivumilie.

Nililelewa na bibi huko juu milimani, chini kidogo ya Chome, mama akiwa kazini Same. Sisi ni watu wa makande, ndizi na magimbi. Samaki tuliyemjua ni dagaa, naye alitufikia akiwa amekufa zamani, amekauka na hana la kusema. Lakini tulikuwa na ndiva. Kama hujui ndiva, ni bwawa dogo la udongo lililochimbwa na wazee wa wazee wetu juu ya mashamba. Kijito kinalijaza usiku, asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji, leo shamba la huyu, kesho la yule. Zamu yako ikipita, imepita. Utakaa na kiu mpaka izunguke tena.

Ndani ya ndiva yetu kulikuwa na perege. Mwalimu wa shule ya msingi aliwamwaga mle mwaka mmoja kwa ajili ya somo, somo likaisha, perege wakaendelea. Hakuna aliyewavua mwaka mzima isipokuwa majuma mawili ya Septemba, kabla ya msaragambo. Hiyo ndiyo siku kijiji kizima kinashuka na majembe na makarai, ndiva inafunguliwa maji yote, tope linazolewa. Sheria ilikuwa rahisi. Kabla ya siku hiyo, utakachokitoa kwa ndoano ni chako. Siku yenyewe, samaki waliobaki wanagawiwa walioshika jembe.

Kwa hiyo duka la kijiji, ambalo lilikuwa la jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, lilileta ndoano mara moja kwa mwaka. Alizichomeka kwenye kipande cha boksi, akakitundika kati ya biskuti na viberiti. Hazikuwa nyingi, na kwa kawaida zilimtosha, kwa sababu watu wazima hawakuwa na habari na perege wa kiganja kimoja.

Mwaka ule mambo yalianza na bata.

Jirani alikuwa na bata mmoja mweupe aliyemwamini kuliko mumewe. Mbwa wetu naye alimpenda sana yule bata, ila kwa namna nyingine. Asubuhi moja nilikuta manyoya nyuma ya jiko, nikayafukia, nikamfunga mbwa, nikanawa mikono. Baadaye bibi akanituma chumvi dukani. Jirani akaniuliza mbele ya watu, kwa ile sauti ya mtu anayejua jibu, kama nimemwona bata wake.

Nilikuwa na miaka tisa. Mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko umri. Nikasema nimemwona. Alikuwa anaogelea ndivani, likatokea kambale likammeza.

Watu wakasogea karibu. Nikaona nimeanza vizuri, nikaendelea. Nikasema kichwa chake kinalingana na karai, na sharubu zake ndefu kama kamba za kufungia mbuzi. Nikasema bata hakupata hata nafasi ya kulia. Nilipomtazama jirani nilitegemea makofi, kumbe macho yake yalikuwa yamehamia kwenye lile boksi la ndoano. Alikuwa mfanyabiashara yule mama. Alimlilia bata wake kwa kama dakika mbili, halafu akamwambia kila aliyeingia dukani habari za kambale, huku akifuta vumbi kwenye ndoano.

Ungekuwa umekulia ziwani ungecheka ukaenda zako. Sisi ni watu wa mlimani. Kambale tunamjua kwa hadithi, kwa hiyo hakuna wa kutuambia mwisho wa ukubwa wake. Siku ya pili mwalimu alinunua ndoano tatu. Mzee wa kanisa alinunua mbili na kusema ni za wajukuu, ila wajukuu wake walikuwa bado wananyonya. Fundi cherehani alifunga duka. Siku ya nne boksi lilikuwa tupu, lina matundu tu, na jirani akatangaza kwamba zimekwisha mpaka mwakani.

Siku hiyo hiyo mwenyekiti wa maji akaja nyumbani na daftari lake.

Bibi goti lilikuwa limevimba tangu Juni. Asingeweza kuingia kwenye tope, na mtoto wa miaka tisa hahesabiwi kuwa jembe. Nyumba isiyotoa mtu kwenye msaragambo, zamu yake ya maji inarukwa. Na shamba la bibi lilikuwa la tangawizi, changa, jua la Septemba likiwa kali namna ile. Zamu moja ikirukwa, tangawizi ndiyo imekwenda, na tangawizi ile ndiyo iliyokuwa sare yangu, madaftari yangu na mafuta ya taa.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa daftari. Akasema kuna njia moja ya zamani. Asiye na mgongo anaweza kuleta kitoweo cha wachimbaji. Bibi akamuuliza kitoweo gani. Akasema chochote kilichokuwa na uhai, isiwe maharage, maana maharage kila mtu anayo.

Kuku tulikuwa naye mmoja, tena analalia mayai. Mwenyekiti alipoondoka, bibi akanigeukia.

"Mke mwenza," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu babu afariki, "nenda kwa jirani ukachukue ndoano mbili. Utavua wewe."

Nilibaki nimesimama. Akaniuliza nasubiri nini, babu afufuke atuvulie? Nikamwambia zimekwisha. Akaniuliza nani amezimaliza, na kwa nini. Bibi hakuwa na tabia ya kupiga. Alikuwa na tabia ya kukutazama huku akichambua mchele, anatoa jiwe moja, anakutazama, anatoa jingine. Kwenye jiwe la sita nikasema yote, kambale, bata, mbwa na manyoya.

Akaendelea kuchambua. Mwishowe akasema, "Uongo wako umekula ndoano zetu. Kautapishe."

Nilikwenda ndivani kesho yake alfajiri, sina mpango. Ukingoni pale palikuwa na mkuyu mkubwa uliotandaza matawi juu ya maji. Nikakaa chini nikatazama juu kama mtu aliyeshindwa mtihani, na ndipo nilipoona kitu kinang'aa kwenye matawi. Halafu kingine.

Watu wetu, rafiki yangu, walikuwa wanarusha ndoano kama wanarusha jiwe kwa nyani. Wanazungusha mkono, wanafumba macho, wanaachia. Nusu ya ndoano za kijiji hazijawahi kulowa. Zilikuwa zimeng'ang'ania mkuyu, na nyuzi zake zinapepea. Ya mwalimu niliitambua kwa uzi mwekundu wa kushonea vitabu. Nikakunja sketi, nikapanda. Nilishuka na ndoano tisa, mchubuko mmoja mrefu na heshima ndogo sana kwa elimu ya watu wazima.

Minyoo ilijaa chini ya migomba. Siku mbili nilivua, na perege watano walikubali. Watano tu, wa kiganja, kiganja changu cha wakati ule. Wengine walikuwa wamekimbilia katikati kwa kuogopa mawe na kelele za wawindaji wa kambale.

Bibi aliwatazama kwa muda mrefu. Akawachemsha, akatoa miiba yote kwa vidole, akawaponda, akawachanganya na ndizi mbichi, nyanya na tangawizi nyingi mpaka chungu kikubwa kikajaa. Harufu ile naikumbuka kuliko ninavyokumbuka kanuni yoyote ya fizikia, na mwalimu wangu wa fizikia anaweza kuthibitisha.

Siku ya msaragambo nilikibeba kile chungu nyuma ya bibi na fimbo yake. Tulipofika tulishangaa. Kwa kawaida nyumba ilitoa mtu mmoja, tena kwa kusukumwa. Siku ile kila nyumba ilikuja na baba, mama, shemeji na watoto, na watu wengine walipanda kutoka vijiji vya chini na mapanga. Wote walitaka kumwona kambale. Walichimba kama wamelipwa. Tope ambalo mwaka uliotangulia lilichukua siku mbili, lilizolewa kabla jua halijafika utosini.

Maji yakashuka, yakashuka, yakabaki dimbwi katikati, halafu tope. Perege wachache wakarukaruka. Kambale hayupo. Watu wakachokoa tope kwa vijiti. Mwalimu akaingia mpaka kiunoni, akatoka na kandambili moja ya zamani. Kisha mmoja mmoja wakaanza kunitazama.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika kwenye chungu chetu. Akakoroga kwa upawa, akakoroga tena.

"Mama," akamwambia bibi, "hiki ni kitoweo au ni harufu ya kitoweo?"

Nikarudi nyuma ya bibi. Jirani akasogea akasema kabla ya chungu tuzungumze bata, maana kama kambale hayupo, bata wake ameliwa na nani? Wakati huo mbwa wetu, ambaye hajawahi kujua lini abaki nyumbani, akapita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akaketi, akatoa ulimi.

Bibi akamnyooshea fimbo.

"Kambale wenu ndiye huyo," akasema. "Ana miguu minne."

Mzee wa kanisa akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, na baada yake hakubaki mtu. Fundi cherehani alikaa chini kwenye tope. Mwalimu aliitazama ile kandambili mkononi mwake, akaitupa. Hata jirani alicheka, ingawa alimaliza mapema, na jioni nilimpelekea kuku wetu na mayai yake, bila kuambiwa mara ya pili.

Mwenyekiti alisubiri kicheko kiishe. Akafungua daftari, akamuuliza bibi jina la mjukuu wake. Nikajua nimekwisha. Akaandika, akapuliza wino, akasema, "Tangu nishike daftari hili nimezoea kugonga milango ya watu ili waje. Mwaka huu, ukiacha wenu, sikugonga hata mmoja. Nyumba hii imetoa mtu." Halafu akanigeukia. "Mwakani sema mamba."

Zamu yetu ilikuwa Jumanne. Nilikaa kando ya mfereji nikayaona maji yanaingia kwenye tangawizi, na bibi amekaa juu ya jiwe, goti amelinyoosha, anayaelekeza maji kwa fimbo kama mtu anayeswaga mbuzi. Moja ya zile ndoano tisa akaichomeka ukutani jikoni, akatundika chujio. Alisema nikiwa nachuja chai nitakumbuka kufunga mdomo. Chai nimechuja sana. Hilo lingine bado.

Jumamosi nilipanda kwenda kumwona, mikono mitupu. Kabla ya kufika nyumbani nikapitia ndivani. Siku hizi imepigwa saruji, maji mengi yanakwenda kwenye bomba, na anayetaka maji anafungua koki yake kimyakimya bila kujua jirani amekunywa au hajanywa. Mwenyekiti amehamia kwa mwanawe mjini na daftari lake limekwenda naye. Duka la jirani limefungwa. Perege hakuna, na hata lile neno msaragambo watoto niliowakuta pale walinitajia kama jina la mchezo wasioujua.

Mkuyu upo. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikakunja sketi, nikapanda. Ndiyo, na miaka yangu kumi na sita. Nilitafuta tawi kwa tawi, na karibu na uma mkubwa nikaiona, ina kipande cha uzi kilichokuwa chekundu zamani. Nyingine ya mwalimu, kati ya zile tatu. Nikaivuta. Haikutoka. Gome la mti lilikuwa limekua juu yake, limebakiza pete ndogo ya kufungia uzi, na kila nilipovuta nilichubua mkuyu tu.

Watoto kule chini wakaniuliza natafuta nini. Nikawaambia ndoano. Wakauliza ya kuvulia nini, mbona humu hamna samaki.

Nakuapia, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, na sharubu zake na kichwa chake cha karai. Lakini saruji ile ilikuwa safi mno, maji yanaonekana mpaka chini. Nikashuka.

Bibi aliniuliza iko wapi. Nikamwambia Same zimekwisha, na ya mkuyuni imemezwa na mti. Akanituma nikalete msumari.