Jitu Nililolichagua

Juzi nilimwona mwanangu akichagua kiumbe mdogo wa sayari nyingine kwenye gemu la kurushiana risasi, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwa mjomba, Ifakara. Jenereta lilinguruma uani, na sebule ilinuka petroli na wali wa mpunga mpya. Mjomba alikuwa ameleta gemu la namna hiyo, akatuambia, "Atakayeshindwa ataenda shambani kuamia ndege wasile mpunga."

Nilichagua jitu la kijani lenye tumbo kubwa, lililojaza nusu ya kioo cha televisheni. Kwetu kiboko akitoka mtoni kila mtu hukimbia, kwa hiyo nilidhani ukubwa ndio ushindi. Dada yangu Yustina alichagua kidudu chenye miguu mingi.

"Fanya ishara ya msalaba kwanza," nilimwambia. "Hawa ni mashetani."

"Jiombee wewe na hilo litumbo lako!"

Jitu langu lilikwama mlangoni, na kila risasi ya Yustina ililipata. Yeye nilimkosa kabisa.

Nilikwenda shambani nikinung'unika. Kwelea walitua kwenye mpunga kwa makundi, nikawarushia mawe bila kumpata hata mmoja. Nikamwomba Mungu awafanye wakubwa kama tembo, angalau niwapate. Namshukuru kwamba hakunisikiliza.