Funda la Kwanza Munanila

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe la maabara, jipya kabisa, na karatasi ya bei ikining'inia mgongoni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Morogoro na shahada ya sayansi ya chakula. Kiwanda cha mvinyo cha Kasulu kilikuwa na matangi machache, pampu moja, na Meneja Uzalishaji aliyeletwa kutoka Dodoma. Aliing'oa ile karatasi, akaisoma, akasema, "Angalau sasa tunajua thamani yako."

Vijana wa leo wana mashine ya kila kitu, kwa hiyo nieleze. Tulikuwa na zabibu za aina mbili: makutupora nyekundu, iliyozoea ukame wa Dodoma na kuzichukia mvua zetu, na chenini, nyeupe na chachu kidogo. Zabibu ikinyeshewa karibu na mavuno hushika ukungu, hivyo tulipogoa kwa hesabu ili ziive kiangazi. Tulikamua, tukatia hamira, tukaiacha juisi ichachuke, kisha tukautenga mvinyo na machicha yaliyotuama chini. Kila hatua mtengenezaji huonja: hunusa, husukutua, hutema kwenye ndoo. Anayemeza kila tangi hafiki saa sita mchana akiwa amesimama.

Kutema kulinifaa mimi kuliko wote. Mama yangu, mlokole wa Kibondo, aliniruhusu kazi hii kwa sharti moja: kileo kisipite kooni. Nikamwahidi, na kwa misimu kadhaa nilitengeneza mvinyo bila kumeza tone. Nikaandika kwenye lebo kwamba mweupe unafaa kwa jibini, kama vitabu vilivyosema. Mteja wetu mmoja wa Kasulu alidhani jibini ni aina ya sabuni.

Kisha mvua zikazidi. Wakulima wa Munanila, waliotuletea karibu zabibu zote, wakachoka. Mwenyekiti wao, Mzee Zakaria, alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, na wakati huo alikuwa raia na babu wa nusu ya kijiji. Akatuma ujumbe kwamba wanataka kung'oa mizabibu wapande maharage, ila kwanza wauonje huo mvinyo ambao hakuna aliyewahi kuwaonjesha. Bila Munanila kiwanda kilikuwa kinafungwa, mimi na koti langu ndani yake.

Mimi na Meneja tuliwakuta uani kwa Mzee Zakaria, ugali wa muhogo na migebuka wa kuchoma, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, vikiwa tayari. Meneja akafungua mweupe, akajimiminia, akanusa, akasukutua, akatema kwenye ndoo. Wenyeji wakarudisha vikombe vyao chini.

Mliokulia huku mmeshaelewa. Kwa Waha, na kwa Warundi vilevile, mwenye pombe hunywa wa kwanza machoni pa wageni, ili waone kwamba haina sumu. Meneja wetu alikuwa ameitema.

"Bwana Meneja," Mzee Zakaria akasema kwa upole, "mwenye nayo ameitema. Sisi tuimeze?"

Meneja akaeleza utaalamu. Mama mmoja akamuuliza kama huko Dodoma mkewe naye huonja mboga akatema. Walicheka, lakini wengine walikuwa wameshaanza kutafuta ndala zao. Meneja akajimiminia tena ili anywe, Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Wewe umeshasema lako. Nani aliyeupika?"

Meneja akanigeukia. Watu wote wakafuata macho yake.

Nilimwona mama yangu mawazoni. Niliona pia majembe yakiingia kwenye mizabibu. Nikaishika glasi, nikanywa mpaka chini, kifua kikapata joto kama nimekaa karibu na jiko. Mzee Zakaria alinitazama kwa muda, kama anayesubiri mahindi yaive. Nilipoendelea kuwa hai akanyoosha kikombe chake.

"Haya. Tukaribie."

Nikawashambulia migebuka ili kuficha macho yangu, na ndipo nikajua kwamba ule uchachu wa chenini hukata mafuta ya samaki vizuri ajabu. Ukitema huwezi kulijua hilo. Lebo ya jibini tuliiondoa. Mizabibu ilibaki ardhini.

Jumamosi nilikwenda Kibondo na hotuba yenye aya za Biblia. Mama alikuwa ameshasikia. Mwenzake wa kwaya ana shemeji Munanila.

"Ulikunywa kabla yao au baada yao?"

"Kabla, mama."

"Basi uliwakaribisha watu. Nawa mikono ule."

Hotuba ile ninayo hadi leo, haijatumika.

Baadaye nilipelekwa ghala la Buhigwe, nikarudi Kasulu nikiwa mkuu wa matangi, nikawaona mameneja wakija na kuondoka. Sasa nimestaafu kwa hiari na ninaishi na mama. Vijana walionirithi hunitembelea, nami huwaambia: kiwandani temeni, uani kwa watu mezeni. Kisha hufungua chupa ya chenini. Mama, ambaye macho yake yamepungua kwa mambo mengine yote, huketi karibu akilitazama koo langu. Likishusha funda moja, hunipokonya glasi na kumpa mgeni.