Mgeni wa Kwanza wa Lieu

Mwezi wa kumi Khiem, mume wa Thoa, alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi ukuta wa watu, akafa. Hawakuwa na mtoto. Thoa aliuza tofu katika kichochoro chetu hapa Nam Dinh, na siku ya tatu baada ya mazishi alikuwa amesharudi kusaga soya, kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Watu wakamsifu kuwa mwanamke wa chuma. Mimi ninayepakana naye ukuta kwa ukuta niliona sahani tulizompelekea chakula. Zilirudi kama zilivyokwenda.

Kwetu mfiwa haingii nyumba ya mtu siku za Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Mguu wa kwanza kuvuka kizingiti mwaka mpya ndio unaoleta heri au nuksi ya mwaka mzima, na mfiwa huingia na kifo. Mama yangu aliishika sheria hiyo bila kuyumba. Lakini kila kichochoro kilipokuwa na mfiwa, siku mbili kabla ya mwaka kwisha, yeye na wanawake wote wa kichochoro walibeba mchele wa kunata, nyama na majani, wakaenda kuchemshia vifurushi vyao vya wali vya sikukuu uani kwa mfiwa, sufuria moja, kutwa nzima, kwa kuwa yeye hawezi kuja kwao. Walimchosha kwa porojo hadi akasinzia mwenyewe. Siku hizi vifurushi vinanunuliwa dukani, vimebanwa kwenye plastiki. Uani kwa Thoa hakuja mtu. Ile marufuku tu ndiyo hawakuisahau.

Muuguzi wa zahanati, msichana mgeni, alimwona amekonda akampa karatasi ya ushauri. Thoa aliniletea nimsomee. Usikae peke yako sikukuu. Watembelee uwapendao. Vaa nguo inayokufurahisha.

"Unaonaje, kaka?"

"Aliyeandika hii hana wifi," nilimjibu.

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikadhani ameelewa kwamba asiende kwa mtu.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya Tet alitoka na blauzi nyekundu, kichwa wazi, bakuli la tofu ya kukaanga mkononi, akaelekea kwa Lieu, dada wa marehemu. Lieu alikuwa amemwomba Bwana Quynh, mnene, mwenye wana wawili na nyota inayopatana na ya mwenye nyumba, afike saa mbili kamili awe mgeni wa kwanza. Mlango uliachwa wazi kumngoja. Saa moja na nusu akavuka kizingiti Thoa.

"Toka!" Lieu alipiga yowe lililotutoa sote nje. "Kaka yangu umemmaliza, sasa unamfuata mume wangu?"

"Wifi, nimekuja kukaa kidogo tu."

"Kukaa! Na hilo jekundu? Mume hajapoa kaburini, wewe ushajipamba kama bi harusi!"

"Labda anatafuta mwingine wa kupanda ngazi," mtu alisema, na watu wakacheka na vikombe vyao vya chai mkononi.

Lieu alichota chumvi na mchele akamrushia usoni, akachoma karatasi kizingitini kufukuza nuksi. Thoa alirudi akipapasa ukuta, chumvi machoni, bakuli bado mkononi. Mbele ya mlango wangu alisimama. Nilikuwa nimesharudi ndani na kufunga; mkwe wangu ana mimba, alikuwa ameniomba nisimfungulie. Nilizisikia ndala zake zikitulia, kisha zikaendelea.

Mwezi wa saba mto ulifurika. Sisi wenye ghorofa tulipanda juu. Siku ya pili maji yalipopungua, nikakumbuka kwamba yeye hana ghorofa. Tulivunja mlango, tukamkuta ameketi juu ya meza, miguu imevimba, midomo ya bluu.

Nilimfokea. "Hatua sita tu hadi kwangu, Thoa! Kwa nini hukubisha?"

Alinitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mteja.

"Sikujua, kaka, kama mlishapata mgeni wa kwanza."