Beringi Iliyotunzwa na Mahindi ya Mbegu

Wasomaji wangu wa kila juma, jirani yangu wa Mshangano, yule mwenye pikapu kuukuu ya kijani, amefariki. Nilizipata habari Jumatatu asubuhi kwenye mashine ya kusaga, kwa mama mmoja aliyekuwa amekumbatia debe lake la mahindi: "Mwalimu, yule dereva wa ushirika hatunaye tena." Jina hakulitaja, wala haja ya kulitaja haikuwapo. Marehemu hakuugua kwa kulazwa. Alikaa tu kwenye benchi mbele ya nyumba yake, kofia ya udereva kichwani, akawa anapungua mwaka hata mwaka mpaka akaisha. Daktari ameupa ugonjwa wake jina la kitaalamu, nami sibishani naye. Ila mimi nilikuwepo siku mtu yule alipoanza kufa, na aliyemwanzishia safari hiyo ni beringi ya gari. Anayeona hiyo si habari ya kuandikwa na mtu mzima afungue ukurasa wa michezo.

Biashara ilipoachiwa huria, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, na chama chetu cha ushirika kikaanza kuyumba. Wafanyakazi "wakapunguzwa", kama tulivyofundishwa kusema kwa adabu. Jirani yangu akapewa kiinua mgongo chake kwa njia ya pikapu ileile aliyokuwa akiiendesha, na mtunza stoo akamwongezea beringi ya propela, mpya, ya mwisho kwenye rafu. Kwa wasiojua magari: pikapu ile ilikuwa ndefu, propela yake ya vipande viwili, na katikati ilishikwa na beringi iliyovishwa raba nene. Raba hiyo ikichoka, gari hutetemeka kuanzia chini ya kiti hadi kwenye meno ya abiria. Beringi iliyokuwa ndani ya gari wakati ule bado ilikuwa nzima, kwa hiyo ile mpya ikawa akiba. Aiweke wapi, na mvua zetu za Songea zinavyotia kutu hata sindano? Akaipandisha na boksi lake kwenye kichanja cha jikoni, juu ya mafiga, pale mkewe alipotundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu na unyevu. Sote tulimsifu. "Akiba haiozi, Mwalimu," aliniambia, akishuka kwenye kigoda na kupangusa mikono.

Baadaye ile ya zamani ikafa kifo chake cha haki. Wakati huo maduka ya spea mjini yalikuwa yamefurika vitu ambavyo miaka ya nyuma mtu angesafiri hadi Dar es Salaam na kurudi mikono mitupu. Nilimsindikiza dukani. "Shikamoo mzee," alisema muuzaji, "hii ndiyo yenyewe, imetoka Dubai juzi." Iling'aa kweli. Jirani yangu akatandika gunia chini ya gari, akalala chali, akapiga alama kwa patasi kwenye vipande vyote viwili vya propela kabla ya kulegeza boliti hata moja. "Visiporudi vilivyokuwa," alisema kutoka huko chini, "gari litalia hata ukilifungia beringi ya dhahabu." Kazi ilikuwa safi, lakini beringi haikumaliza msimu wa mavuno. Akanunua nyingine, kisha nyingine tena, na kila moja iliishi maisha mafupi kuliko dada yake. Mkewe akamwuliza, "Si ushushe ile nzuri?" Naye akamjibu, "Kitu kizuri hivyo nikakiue kwenye mashimo haya? Ngoja siku mbaya."

Siku mbaya ikaja masika, njia ya Madaba. Alikuwa amepakia mahindi ya watu, na kuwabebea watu mahindi ndiko kulikoilisha nyumba ile tangu ushirika umtoe. Mlimani raba ya Dubai ikachanika, propela ikaning'inia, mvua ikanyesha juu ya magunia hadi yakalowa chapachapa. Wenye mzigo wakaita lori la mfanyabiashara. "Mzee, utusamehe," walimwambia kwa upole, "gari lako limechoka." Pikapu ikavutwa hadi nyumbani, naye, niwaambieni ukweli, alikuwa na furaha. Siku aliyoiwekea akiba ilikuwa imefika. Mkewe akaleta boksi lililokuwa jeusi kwa masizi. Akalifungua mbele yangu, na chuma kilikuwa kinameremeta, hakina doa la kutu. Akaniangalia kwa ushindi. Kisha akaibonyeza raba kwa dole gumba, ikavunjika kama ukoko wa ugali. Joto la mafiga lilikuwa limeikausha miaka yote ile. "Imeiva," alisema, nasi hatukucheka. Nilimwambia tukanunue nyingine mjini. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, hizi mbovu nilikuwa naweza kuziendesha kwa sababu ile ilikuwepo juu. Sasa juu hakuna kitu." Pikapu ile haikutoka tena uani.

Sisi tuliolelewa na foleni za sabuni tulifundishwa kwamba kitu kizuri si cha leo. Ndiyo maana kabatini mwetu mna vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai, na masandukuni mashuka ya mgeni ambaye hatumjui. Maduka yamejaa, bado tunapandisha vitu juu. Na nchi nayo ilitupandisha kichanjani sisi wenyewe, madereva, makarani, walimu, tukaambiwa tungoje wakati wetu. Nawaona hawa wenzangu kwenye mabenchi yao kila nipitapo, na nahisi uchungu ambao siwezi kuufanyia utani.

Tulimzika mvua za kwanza zikianza. Nilipokwenda kumuaga mjane na kubisha hodi kwa "Tumsifu Yesu Kristo," nilimkuta jikoni akishusha mahindi ya mbegu, maana msiba hauizuii mvua. Boksi lile lilikuwa bado palepale juu. Marehemu alilirudisha mwenyewe, hakuweza kulitupa. "Mzee wangu aliniona nikitundika," alisema mama yule, akipukuchua taratibu, "lakini kila mwaka nilishusha pia, hilo hakuliona." Akauliza kama beringi ile itamfaa mtu. Nikasema hapana.

Basi funzo ndilo hilo, ni la mjane na si langu: mbegu haiozi kwa sababu ina msimu wa kushuka. Ukiwa na kitu chema ulichokitundika, kishushe mvua hizi. Nimelirudia hilo njia nzima nikirudi nyumbani, na nilipofika nilikaa kwenye benchi langu nikakitazama moyoni kichanja chetu sisi watu wa rika la foleni za sabuni, na sikuona kilichobaki ambacho bado ukikibonyeza hakivunjiki.