Furu wa Eugenia, Fulu Wangu

Eugenia ni Mhaya, na Mhaya akishashika kalamu, we muache tu. Anatoka kwake Mkolani alfajiri na rula yake, mpaka mwaloni kwetu, ziwani mitumbwi inaposhushia, kupima samaki: aina gani, urefu gani. Mwanzoni nilimwona kero tupu.

Tuligombana kwa sababu ya ghuba yetu. Ni yeye aliyetushawishi tuifunge, samaki wapate pa kuzalia. Mimi mle ndimo nilimovua tangu ujana! Nikamwambia, "Dada, rula yako hailiwi." Akanijibu, "Mzee Chenge, nipeni miaka mitatu. Samaki wasiporudi, mfungue." Nikakubali shingo upande.

Kila mwezi alitega mle nyavu za kupimia. Mwaka wa kwanza alihesabu peke yake. Alipoelemewa akanipa daftari la pili, yeye akabaki upande wa mawe, mimi nikachukua upande wa matete.

Mwaka wa tatu ulipoisha, afisa wa uvuvi, aliyekuwa akipelekewa madaftari yetu, akaja na karatasi yake: furu wamepungua nusu. Furu ni wale samaki wadogo wadogo. Wakipotea wao, sangara atakula nini? Basi afisa akasema ghuba haijasaidia kitu, Jumatatu ifunguliwe. Wenzangu wakashangilia. Eugenia machozi yakamlengalenga. Na mimi, amini usiamini, iliniuma. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wanavyojaa wavuni!

Eugenia akaomba madaftari. Akakaa juu ya kreti akifunua ukurasa mmoja mmoja, mara akaruka.

"Mzee Chenge! Hapa umeandika nini?"

"Fulu."

"Furu!"

"Si ndiyo hiyo hiyo? Fulu! Wasukuma tunasema hivyo tangu tunazaliwa."

Afisa akafungua kompyuta yake, akatazama, akajikuna kichwa. Kumbe ile mashine inamjua furu tu. Fulu wangu wote wa miaka miwili iliwaweka pembeni: samaki asiyejulikana! Jamani, niliona aibu. Herufi yangu moja ilikuwa karibu kuwamaliza samaki wa ghuba nzima.

Tukajumlisha furu wake na fulu wangu palepale, watu wametuzunguka. Walikuwa wameongezeka karibu mara mbili. Jumatatu hakuna aliyeingia ghubani, na hata waliokuwa wanashangilia walikubali.

Afisa akanisihi nijirekebishe. Eugenia akadakia, "Atarekebisha maandishi tu. Mdomo ni wake."

"Asante, nshomile," nikamtania, maana Wahaya na usomi wao tunawajua. Akacheka hadi akajifuta macho.

Sasa naandika furu, tena ile r naikoleza. Juzi tumeinua wavu umejaa hadi mtumbwi ukalalia upande. Eugenia kwa furaha akaanza kuhesabu kwa sauti, "Fulu mmoja, fulu wawili, fulu watatu..."

Wala sikumsahihisha.